Mkono Unaofika kwenye Fimbo

Kwa watu wengi, pazia likishashonwa limekwisha. Kwake yeye, kilichokuwa kimekunjwa mezani kilikuwa bado kitambaa tu. Hakikuwa pazia mpaka kining'inie, kishike mikunjo yake, na pindo la chini liguse pale lilipopaswa kugusa. Kwa hiyo hakuwahi kumkabidhi mteja kifurushi na kumwambia nenda katundike. Alikwenda mwenyewe na begi la pete na kulabu begani, akapanda ngazi, akatundika, akashuka, kisha akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta wa upande wa pili wa chumba. Hapo alisimama akatazama. Ikiwa pindo limepinda, alipanda tena.

Mtaani walimwita Mama Mapazia. Wako watoto waliokua wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mwenzake wa kazi alikuwa fundi mmoja mwembamba, mwenye vumbi la saruji kwenye kope, ambaye watu walimwita Drili kwa sababu ya mashine aliyotembea nayo kama mtu anayetembea na mtoto. Kazi yake ilikuwa kutoboa kuta na kufunga fimbo za mapazia. Mama Mapazia alisimama chini akimwelekeza, na neno lake lilikuwa moja.

"Juu."

"Hapa?"

"Juu zaidi. Pazia linaanzia karibu na dari, baba. Ukilianzishia kwenye fremu ya dirisha unakifupisha chumba."

"Mama, nikipanda zaidi ya hapa natobolea watu wa ghorofa ya pili."

"Tutawashonea na wao."

Walifanya kazi hivyo miaka mingi, wakizeeka pamoja bila kulizungumzia jambo hilo.

Bega la kulia la Mama Mapazia liliharibika siku ambayo hakuna aliyeona. Alikuwa akitundika mapazia katika ofisi fulani, ngazi ikateleza, naye akajikuta ameshika fimbo kwa mkono mmoja, uzito wote wa mwili ukining'inia kwenye bega kwa muda wa pumzi moja. Mwenye ofisi alipogeuka, Mama Mapazia alikuwa ameshasimama sakafuni, anacheka. Aliomba maji, akanywa, akaipandisha ngazi tena na kumalizia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na imani yake kuhusu wateja. Mteja akishaona fundi anahangaika, alisema, halioni tena pazia. Anayaona yale mahangaiko, na kila akiingia chumbani mwake anayakuta yamening'inia dirishani.

Basi akajifunza kuficha. Mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo, mkono ulizidi kushuka, na kadiri ulivyoshuka yeye alizidi kuwa hodari wa kuuficha. Alisimama ubavu ubavu kwenye dirisha. Aliuegemeza mwili kushoto na kuutupa mkono wa kulia juu kwa mzunguko mmoja laini, kama mtu anayetandika shuka. Mkono wa kushoto ulipita chini ya mtandio na kukisukuma kiwiko bila kuonekana. Palipokuwa pagumu kabisa, alimtuma mwenye nyumba amletee maji. Wateja wake walimjua kuwa mama mwenye kiu sana.

Mumewe alipofariki alishona pazia la chumba chake cha kulala, la kijivu lenye mshazari mwembamba wa buluu, kitambaa ambacho marehemu alikichagua mwenyewe dukani na kusema kwamba siku moja fundi naye ajishonee. Alilishona kwa siku chache. Halikutundikwa. Fimbo ya chumbani ilikuwa juu, karibu na dari kama alivyotaka mwenyewe enzi zake, na mkono ulikuwa haufiki tena huko hata kwa hila. Kumwambia Drili alitundike pazia lile hakuweza. Hakuweza wala hakujiuliza kwa nini. Pazia likakaa juu ya kabati, limekunjwa. Dirishani likagongomelewa shuka kwa misumari.

Wifi yake, dada wa marehemu, ambaye nyumba yake ilipakana na hiyo, hakuliacha hilo lipite.

"Wifi yangu, siku watu watakapojua kwamba Mama Mapazia analala na shuka la misumari, mimi nahama mtaa."

"Hama. Nitakushonea mapazia ya huko."

"Na nani atayatundika?"

Wifi, ambaye kwa kawaida hakujua pa kuishia, safari ile aliishia hapo.

Siku ambayo mkono ulikataa ilikuwa nyumbani kwa mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Mapazia yalikuwa mazito, ya vitambaa viwili. Alipanda, akauegemeza mwili, akautupa mkono, nao ukaishia kifuani. Akautupa tena. Drili alikuwa chini ameshika ngazi. Aliuona mgongo wa yule mama ukitetemeka, akasikia vyombo vikigongana jikoni alikokuwa mwenye nyumba, akasema kwa sauti ya chini, "Shuka, mama." Alishuka. Drili akapanda, akayatundika yote, akashuka kabla chai haijaletwa.

Walikuwa wameshafika barabarani ndipo Mama Mapazia alipozungumza.

"Pete ya tatu umeiruka."

"Najua. Ndiyo maana mimi natoboa tu."

Hatua chache mbele mama akaongeza, bila kumtazama: "Nataka mkono unaofika kwenye fimbo. Sitaki kingine. Maumivu nimeshayazoea."

Binti yake, kitindamimba, alifanya kazi ya kuuza tiketi za safari na alikuwa na tabia ya watu wa kazi hiyo ya kuamini kwamba kila mahali kuna namna ya kufika. Ndiye aliyempeleka kwa daktari wa kwanza, bingwa wa mifupa mwenye sauti ya upole na chumba chenye kiyoyozi. Walipofika mlangoni simu ya kazini ikaita, binti akabaki ukumbini. Mama akaingia peke yake.

"Inua mkono, mama, nione."

Na hapo likatokea jambo ambalo pengine lisingetokea kwa mgonjwa mwingine yeyote. Alikuwa amekuja kuonyesha kwamba mkono hauinuki. Lakini mbele yake alikaa mtu msafi, nyuma ya meza, akimtazama jinsi wateja wanavyotazama, na mwili ukafanya ulichozoea kufanya ukitazamwa hivyo. Akatabasamu. Akauweka sawa mtandio. Akauegemeza mwili kushoto kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri kitini, mkono wa kushoto ukapita chini kwa chini, na ule wa kulia ukapanda kwa mzunguko wake laini mpaka ukapita paji la uso. Ukakaa huko kwa muda unaotosha kuonekana, kisha ukashushwa kwa heshima.

"Vizuri sana," alisema daktari, akiandika. "Kwa umri wako, vizuri sana."

Picha ya mionzi ilionyesha kuchakaa kwa kawaida, alisema. Akampa vidonge vya maumivu na kumwelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama Mapazia alitoka chumbani akiwa ameshinda, na hakujua ameshinda nini.

"Amesemaje?" binti aliuliza.

"Amesema vizuri sana."

Kabla wiki haijaisha binti alikuja kulala kwa mama yake, akaingia chumbani asubuhi bila kubisha. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa kimeinama karibu na magoti. Mkononi alishika rula ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa. Mwishoni mwa rula, kwa uzi wa kudarizi, palifungwa kitana.

"Mama, nini hiki?"

"Kitana."

"Naona kitana. Kimefungwa kwenye rula."

"Ndiyo kinafika vizuri."

Binti alikaa kitandani. Aliitazama rula kwa muda, halafu akauliza polepole, "Kwa daktari uliinuaje?"

Mama alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake. Akasimama akamwonyesha: mtandio, mwegemeo, mzunguko. Binti akaanza kucheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mama, ulikwenda kumwonyesha ugonjwa. Umemwonyesha ufundi."

"Alikuwa ananitazama."

"Ni kazi yake kukutazama!"

"Usinipigie kelele. Nimezoea kutazamwa nikiweza."

Binti alimchana nywele, akamsuka, na nje wifi alisikika akimwuliza mtu wa maziwa kama anadhani yeye ni tajiri.

Kwa daktari wa pili binti hakubaki ukumbini. Aliingia, akaomba mtandio uvuliwe, akauweka mapajani mwake, akaeleza kila kitu, na mama akakaa kama mtoto anayeshitakiwa. Daktari huyu alikuwa kijana, mchangamfu, mwenye saa kubwa mkononi. Alimpeleka kwenye ile picha ya kulala ndani ya bomba, na siku walipoirudia aliwasha skrini na kuionyesha kwa ncha ya kalamu. Kano zinazolishika bega na kuuanza mnyanyuko wa mkono zilikuwa zimekatika zamani, zikajikunja na kusinyaa. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimeachwa bila wa kukizuia, kikapanda juu, kinasagana na mfupa usiokihusu.

"Hazishoneki?" aliuliza Mama Mapazia.

"Ni kama kitambaa kilichooza, mama. Uzi utashika, kitambaa hakitashika."

Hilo alilielewa bila kuhitaji kuambiwa mara ya pili, na kwa muda alimpenda kijana yule.

Iliyobaki, alisema daktari, ni kuliondoa bega lile na kuweka la bandia, tena lililogeuzwa. Mungu aliweka tufe kwenye mfupa wa mkono na kikombe kwenye mfupa bapa wa bega. Wao hugeuza: tufe la chuma linafungwa kwa skrubu upande wa kikombe, na kikombe kinawekwa juu ya mfupa wa mkono. Mpangilio huo ukikaa hivyo, ule msuli mnene unaofunika bega unaweza kuunyanyua mkono peke yake, bila zile kano.

"Kwa hiyo mnaweka kulabu mahali pa pete, na pete mahali pa kulabu."

"Hasa! Na miezi michache tu, mama, utakuwa unapanda ngazi kama msichana. Mkono mpya."

"Nionyeshe mmoja."

"Mmoja nini?"

"Mtu uliyemgeuza bega. Nikamwone."

Daktari alimtazama binti, kama kwamba binti ndiye angetafsiri. Lakini binti alijua. Mama yake hakuwahi kumbembeleza mteja kwa maneno. Aliyekuwa na shaka alimpeleka kwenye nyumba alikotundika mwaka jana au mwaka juzi, akamwacha asimame sebuleni mwa watu na kutazama pazia ambalo limeshafuliwa, limeshapigwa jua, limeshavutwa na watoto. Pazia jipya kila mtu analiweza, alisema. Nenda kalione lililokaa.

"Mama, wagonjwa wangu si maonyesho," alisema daktari akicheka.

"Hata wateja wangu si maonyesho. Nikiwaomba wananifungulia mlango."

"Umeshawafanyia wengi?" binti aliingilia.

"Nimefanya mabega mengi sana."

"Haya ya kugeuza?"

Daktari aliitazama saa yake. "Nimefundishwa na watu walioyafanya mengi," alisema.

Mama Mapazia akauchukua mtandio wake mapajani kwa binti, akajitanda, akasimama.

Kwenye korido binti alikuwa amekasirika kiasi kwamba alitembea mbele. "Alikuwa tayari kukupa tarehe, mama! Unachagua daktari kama mtu anayechagua kitambaa!"

"Ameniahidi ngazi kabla hajaniuliza ngazi yangu ina urefu gani."

"Kwa hiyo tutazunguka mji mzima tukiomba kuona mabega ya watu?"

"Mmoja anatosha."

Aliyempata huyo mmoja ni wifi. Wifi alikuwa na uwezo wa kujua habari za watu bila kuuliza, au labda aliuliza tu bila watu kutambua, na foleni ya maji ilimtosha. Palikuwa na dereva wa basi mstaafu, nyuma ya kituo cha mafuta, aliyeanguka bafuni na kugeuzwa bega. Walikwenda wote watatu jioni moja. Dereva alikuwa mzee mnene mwenye fulana nyeupe, na alipoelezwa shida yao hakushangaa hata kidogo. Alionekana mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi aulizwe.

"Kovu hili hapa," alisema, akalionyesha. "Sasa tazameni."

Akaunyanyua mkono. Ulipanda taratibu, ukapita uso, ukapita kichwa, vidole vikagusa kizingiti cha juu cha mlango. Wifi akapiga makofi. Mama Mapazia hakuutazama sana ulipokuwa ukipanda. Mkono wa kupanda aliujua, yeye mwenyewe alikuwa nao wa uongo. Aliutazama ukishuka. Ulishuka kama pazia zuri linavyoachiwa, lote kwa pamoja, bila kuanguka.

"Tena," alisema.

Dereva akarudia, ameridhika.

"Na huku nyuma?"

"Huku nyuma sifiki. Kuchomekea shati ni kazi ya mke wangu, na mke wangu ananichomekea kwa hasira mpaka pumzi inakata."

"Aliyekufanyia ni nani?"

"Mama mmoja mfupi hivi, hospitali kubwa, jengo la nyuma. Hachekicheki. Ukimwuliza swali ananyamaza kwanza, mpaka unajuta kwa nini umeuliza." Dereva akajikuna kifua. "Nilimwuliza, daktari, nitaendesha basi? Akanyamaza. Akasema, gari dogo ndiyo, basi hapana. Nilimchukia wiki nzima."

"Na basi?"

"Sijaendesha."

Jengo la nyuma lilikuwa la rangi ya maziwa, na mabenchi yake yamelambwa na miili ya watu waliongoja. Daktari alikuwa mfupi kweli, wa umri wa kuweza kuwa mdogo wake. Alimwamkia shikamoo, akamkalisha juu ya kitanda cha kupimia, akamwuliza maswali machache, akayasikiliza majibu yote mpaka mwisho. Kisha akachukua zile picha, akaenda nazo chumba cha pili kwenye mwanga mzuri zaidi. Binti aliitwa dirishani kuandikisha. Mama Mapazia akabaki peke yake na pazia.

Lilikuwa pazia la kijani la kuzungushia kitanda, na kulabu zake tatu zilikuwa zimechomoka, kwa hiyo lilining'inia kwa pembe moja kama mdomo wa mtu aliyepooza. Alijaribu kutazama kwingine. Alitazama beseni, akatazama picha ya mifupa ukutani. Kisha akateremka kitandani. Reli ya pazia haikuwa juu sana. Akavua mtandio usimzuie, akashika kulabu ya kwanza, akauegemeza mwili, akakisukuma kiwiko kwa mkono wa kushoto. Ikaingia. Ya pili ilikuwa mbele zaidi. Jasho likamtoka juu ya mdomo, uso ukamkunjamana kwa namna ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiona, na kulabu ikamponyoka ikaanguka sakafuni.

Alipogeuka, daktari alikuwa amesimama mlangoni na picha kwapani.

"Nilikuwa nalirudishia tu," alisema Mama Mapazia.

"Umelirudishia. Sasa inua tena. Huu wa kushoto nipe mimi."

Daktari akaushika ule mkono wa kushoto, akausimamisha mgongo wake ukutani asiweze kuegemea popote, akangoja. Mkono wa kulia ulipanda mpaka kifuani. Ukakaa hapo. Haukuwa na mzunguko wowote, wala ulaini. Ulikuwa mkono wa mwanamke mzee unaoomba kitu usichokijua. Hakuna aliyekuwa amewahi kuuona hivyo, hata yeye mwenyewe kwenye kioo.

"Huu ndio niliotaka kuuona," alisema daktari. Akamwachia. "Unataka ufanye nini?"

"Utundike pazia."

Daktari akanyamaza. Ulikuwa ule ukimya alioutaja dereva, na Mama Mapazia akajikuta anahesabu mistari ya vigae.

"Utachana nywele," daktari alisema mwishowe. "Utaweka sahani kwenye rafu. Utalala ubavu huo bila kuamshwa na maumivu. Pazia jepesi, ukiwa umesimama chini, fimbo ikiwa si juu sana, huenda ukaweza. Huenda. Ngazi, hapana. Ukianguka na bega hili mfupa ukapasuka kuzunguka chuma, sina namna ya kulirudisha lilivyokuwa."

"Hapana ya sasa au ya siku zote?"

"Ya siku zote, mama."

Binti alikuwa amerudi, amesimama kando ya pazia. Ndiye aliyeuliza swali lile la wangapi. Daktari alisema ni kazi anayoifanya kila wiki, na kwamba mwaka huu mabega mawili hayakwenda alivyotaka: moja lilichomoka, jingine liliingia vijidudu, na wenyewe bado anawaona, mmoja atakuja kesho. Aliyasema kwa sauti ileile aliyosemea ya kuchana nywele. Mama Mapazia aliipenda sauti hiyo na kuyachukia yaliyosemwa nayo.

"Nitafikiri," alisema.

"Fikiri."

Alifikiri kwa namna yake, yaani alishona. Palikuwa na kazi ya mapazia ya ukumbi mdogo, na siku ya kutundika alisimama chini tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza maishani, Drili akiwa ngazini na pete mdomoni. "Ivute kulia," alimwambia. "Siyo hiyo. Iliyo karibu yake. Unaishika kama misumari, ishike kama kitambaa." Drili alivumilia. Walipomaliza mama akarudi nyuma mpaka ukutani, akatazama, na kila pazia lilikuwa limening'inia vizuri. Halikuwa na kasoro ambayo angeweza kuitaja. Hilo ndilo lililomuuma, na ndilo pia, baada ya muda, lililomtuliza: wateja hawakuwa na haja na mkono wake. Aliyekuwa na haja nao ni yeye.

Jioni wifi alikuja kukaa barazani.

"Hebu nieleweshe. Yule kijana alikupa ngazi. Huyu mwanamke anakunyang'anya. Nawe unamtaka huyu?"

"Huyu."

"Kwa sababu gani?"

"Yule alinitazama akaona mteja. Huyu ameuona mkono."

"Mimi ningechukua ngazi," alisema wifi, "halafu ningeiuza."

Walimpasua asubuhi, kwa nusu kaputi. Kitu cha mwisho alichokiona ni taa, na cha kwanza alipozinduka ni binti yake akiwa amelala kitini, mdomo wazi. Mkono ulikuwa umefungwa kifuani kwa mkanda, mzito, usio wake. Wiki zilizofuata aliogeshwa, akavalishwa, akalishwa na wifi, ambaye kila kijiko alikisindikiza na maoni. Kisha yakaja mazoezi: kamba iliyopitishwa juu ya mlango, mkono mzima ukiuvuta ule mgonjwa, taratibu, kila asubuhi na kila jioni. Alilia mara mbili tatu, kwa sababu ya maumivu tu, na hakumficha mtu.

Mkono ulipanda polepole. Ulifika kidevuni, ukakaa huko muda mrefu mpaka akakata tamaa, ukafika kwenye paji la uso, ukapita. Kitana kikafunguliwa kutoka kwenye rula. Kidonda kilikauka vizuri na bega halikuchomoka. Siku moja kwenye jengo la rangi ya maziwa daktari aliushika, akaupandisha, akaupima kwa jicho, akanyamaza.

"Hapo ndipo utakapokomea," alisema.

Vidole vilikuwa vimepita kichwa kidogo. Havikuwa vimefika alikofika dereva.

Wiki hiyo hiyo alimwita Drili. Drili alikuja na mashine yake, akakuta misumari imeng'olewa, shuka limekunjwa kitandani, na dirisha liko uchi. Mama Mapazia alisimama mbele ya ukuta kando ya dirisha, viatu amevua. Akaunyanyua mkono wa kulia, bila kuegemea, bila mkono wa kushoto, mpaka ulipokataa. Ncha ya kidole ikagusa ukuta.

"Weka alama hapa."

Drili alitazama kidole, akatazama fimbo ya zamani kule juu karibu na dari. "Hapo ni chini ya ukingo wa juu wa fremu, mama. Fimbo itakata kioo. Utabaki uwazi juu."

"Naona."

"Wewe ndiye uliyenifundisha…"

"Weka alama, baba, mkono unachoka."

Akaweka alama kwa penseli. Akatoboa, akafunga fimbo, akafagia vumbi, kisha akakunja mikono akakaa kando ya mlango. Hakuhitaji kuambiwa asisaidie. Mama Mapazia alilishusha pazia la kijivu kutoka juu ya kabati, akalikung'uta, na kulitundika pete kwa pete. Ilichukua muda mrefu. Kila pete chache aliushusha mkono, akaupumzisha juu ya kizingiti cha dirisha, akaendelea. Wifi aliingia katikati ya kazi, akafungua mdomo, akamwona Drili akitikisa kichwa, akaufunga.

Pete ya mwisho ilipoingia, alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Juu ya pazia palibaki ukanda wa kioo, upana wa kiganja au zaidi, na kupitia hapo ulionekana ukingo wa bati la jirani na kipande cha anga kisichofunikwa na kitu. Katika maisha yake yote ya kazi angemrudisha fundi yeyote aliyemwachia mteja dirisha namna ile.

"Pindo limenyooka," alisema.

"Na huko juu?" aliuliza Drili.

Alitazama tena, kwa muda, jinsi alivyotazama madirisha ya watu.

"Pale juu pabaki hivyo hivyo."

Kisha akaenda akalivuta pazia, likafunga. Akalivuta tena, likafunguka.